Boksi la Futi Sita

Kyalo aliendesha kreni bandarini miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kugeuza shingo kutazama nyuma. Dereva wa kreni hutazama chini, kontena lilipo. Mambo ya nyuma yana watu wake. Kwa hiyo Alhamisi ile, saa nne kasorobo asubuhi, trekta lake liliposimama ghafla katikati ya kichochoro cha Mji wa Kale, alitazama chini. Miguu ipo. Klachi ipo. Injini inanguruma vilevile. Ila trekta haliendi.

Akakanyaga mafuta.

Waliokuwapo wanasema mlio uliotoka pale ulifika Feri, na kwamba abiria waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Likoni walitazamana wakidhani kivuko kimegonga gati. Huenda wametia chumvi. Lililo hakika ni kwamba paka wote wa mtaa ule hawakuonekana kwa siku mbili, na chokaa ya nyumba ya mkono wa kulia ilimmwagikia Kyalo kofiani kama unga wa mandazi.

"Zima," sauti ya mwanamke ikasema. "Zima hicho kidude kabla hujakitia jikoni kwangu."

Kyalo akazima. Ndipo, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, akageuka nyuma.

Boksi la chuma lililofungwa nyuma ya trekta lilikuwa limekwama. Ubavu wake mmoja wa chuma ulikuwa umejichimbia kwenye ukuta wa matumbawe. Ubavu wa pili ulikuwa umejipachika kwenye baraza, ile sehemu ya mawe ya kukalia mbele ya nyumba, umekaa kitako kana kwamba mjenzi wa zamani aliuwekea nafasi yake. Trekta lenyewe lilikuwa limepita salama salimini, na nafasi ya kiganja huku na huku. Kilichokwama ni mzigo wake, na mzigo huo Kyalo aliuchagua mwenyewe.

Trekta halikuwa kubwa. Lilikuwa dogo la Kijapani, rangi ya buluu, nguvu za farasi ishirini na nne, na kutoka ukingo wa tairi moja la nyuma hadi ukingo wa jingine lilipata futi nne na inchi tatu. Kyalo alilinunua alipostaafu bila kumshauri mtu. Siku alipoliegesha chini ya ghorofa lao kule Ganjoni, mkewe Zilpah alichungulia kutoka orofa ya pili, akalitazama kuanzia tairi hadi bonati.

"Baba Beryl," akasema mwishowe, "hapa hatuna shamba. Hata chungu cha maua hatuna."

"Mji umejaa viwanja vyenye mashimo, Mama Beryl. Nitavisawazisha."

"Viwanja gani?"

"Vitakuja."

Miezi saba havikuja. Jirani yao Wekesa, mstaafu wa reli, alikuwa akipita kila asubuhi kuuliza trekta limeamkaje, limeshaoga au bado, na je, chai yake hutiwa maziwa. Zilpah akachoka. Kaka yake, Dancan, alikuwa na shamba Taveta, na shamba ndiko nyumbani kwa trekta. Kyalo akaomba nafasi moja tu, na nafasi hiyo ikajileta: binti yao Beryl alikuwa anaolewa Jumamosi, na uwanja wa kanisa ambako mahema ya sherehe yangesimama ulikuwa umeliwa na mvua za masika hadi ukawa mabonde na vichuguu, mtu akitembea pale anaonekana kama mlevi hata kama ametoka kuungama.

Zilpah akakubali, kwa sharti.

"Watu wa mahema wanakuja Ijumaa asubuhi. Alhamisi jioni nitavaa viatu vyangu vya harusi, vile vya visigino, nitembee uwanja mzima. Nikijikwaa mara moja, Dancan anakuja na lori. Atatuletea mbuzi, ataondoka na trekta."

Kusawazisha uwanja kwa trekta kunataka boksi. Ni sanduku la chuma lisilo na tako wala mfuniko, linafungwa nyuma ya trekta. Mbele lina meno ya kukwaruza udongo mgumu, nyuma lina ubao wa chuma wa kuukusanya na kuutandaza. Linakula kichuguu, linatapika kwenye shimo. Kyalo hakuwa nalo, na fundi aliyesifiwa kwa vyuma alikuwa Kaingu, Mgiriama mmoja mtaratibu, mwenye karakana ndani ndani ya Mji wa Kale, kwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba za watu.

"Mzee, trekta lako lina upana gani?" Kaingu aliuliza siku ile ya kwanza.

"Nitengenezee la futi sita."

"Mimi nimeuliza trekta."

"Na mimi nimekujibu boksi."

Kaingu akakuna kidevu. "Sikiliza, mzee wangu. Boksi likiwa jembamba kuliko matairi, litasawazisha katikati, halafu tairi zikuchoree mifereji pembeni. Likiwa pana kuliko nguvu ya trekta, litajaa udongo, trekta lishindwe kulivuta, tairi zicheze ngoma pale pale. Linatakiwa lizidi matairi kidogo tu. Kwa trekta dogo, futi nne na nusu, nne na kitu. Sita ni la trekta la kaka yake."

"Kaingu, mimi nimeinua makontena ya futi arobaini. Kuna siku niliinua mawili kwa mpigo, upepo wa kusi unavuma, na kikombe cha chai mkononi, na chai haikumwagika. Leo nionekane nikiburura kiboksi cha futi nne na nusu mbele ya Wekesa?"

Kaingu hakumjua Wekesa. Akachukua chaki, akaandika sita.

"Na zile pini tatu za kulifungia kwenye trekta," Kyalo akaongeza, "zichomelee kabisa. Wezi wa vyuma chakavu wamenimaliza. Wameniibia kioo, wameniibia kifuniko cha ekzosi, juzi nilikuta mmoja anapima bonati kwa kamba."

"Nikizichomelea, boksi halitoki tena mpaka likatwe."

"Na litoke liende wapi?"

Basi asubuhi ile ya Alhamisi Kyalo alikuwa amelipeleka trekta tupu mpaka karakanani, akapita kichochoroni bila shida, huku akiwapungia watu mkono kama mgeni wa serikali. Kaingu akafunga boksi, akachomelea pini. Kyalo akawasha, akashika njia ileile kurudi. Kichochoro kile kutokea karakanani ni kipana kidogo, kisha kinajibana taratibu kama mdomo wa faneli, na pale penye baraza kinafika futi tano kamili. Yeye alikuwa akitazama mbele.

Sasa Kaingu alikuja mbio kutoka karakanani, akasimama nyuma ya boksi, akaweka mikono miwili kichwani. Kyalo angependa kutukanwa kuliko kutazamwa vile.

"Rudi nyuma," Kaingu akasema hatimaye.

Kyalo akawasha, akatia rivasi. Matairi yakazunguka juu ya mawe ya kabro, moshi ukapanda, harufu ya mpira ikajaa mtaa. Boksi halikusogea hata unywele. Ukuta ulikuwa umeliuma.

"Zima, baba," ile sauti ya mwanamke ikarudia, safari hii kwa upole, na upole huo ulimtisha Kyalo zaidi.

Mwenye sauti alikuwa ameketi palepale barazani, mama mtu mzima, miwani puani, utepe wa kupimia umening'inia shingoni. Jina lake Bi Nasiha, na kwa miaka arobaini wanaume wa mtaa ule walikuwa wakivaa kanzu alizozishona yeye. Mapajani alikuwa na kola nusu imetariziwa. Kutoka ubavu wa boksi hadi goti lake palikuwa na shubiri moja. Kyalo alipoona nafasi ile, akili ilimruka: kidogo tu zaidi, angekuwa amemvunja mguu mama wa watu.

"Mama," akasema, "umeumia?"

"Sijaumia. Nimeshangaa. Nimeishi hapa tangu kuzaliwa, nimeona punda akiingia, nimeona jeneza, nimeona kitanda cha bwana harusi kikipitishwa dirishani. Trekta ndiyo leo."

"Samahani sana, Bi mkubwa."

"Samahani tutaigawa baadaye. Kwanza nambie, mlango wangu ni ule pale nyuma ya chuma chako. Nafungua vipi?"

Kyalo akatazama. Mlango wa Bi Nasiha, wa mbao nzito wenye misumari ya shaba, ulikuwa umezibwa na boksi kwa nusu. Mtu mwembamba angeweza kujipenyeza kwa ubavu. Bi Nasiha hakuwa mtu mwembamba.

Habari zikaenea. Kichochoro kile ndiyo njia ya mkato ya watu kwenda msikitini, sokoni na shuleni, na watu wa Mji wa Kale hawaachi njia yao kwa sababu ya trekta. Mzee wa kanzu nyeupe alifika, akasalimu, "Sabalkheri", akajibiwa, akakunja kanzu yake magotini, akapanda tairi, akamwambia Kyalo, "Nipishe kidogo ndugu yangu," akapita juu ya kiti na kuteremka kwenye bonati. Baada yake akaja mama na kikapu cha samaki. Kyalo akampokea kikapu, akamvusha, akamrudishia. Akaja muuza maji na mkokoteni wa madumu ishirini, akasimama, akashika kiuno.

"Mzee, hili linatoka saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Hiyo sasa hivi ni ya Bara au ya hapa?"

Watu wakacheka. Kyalo alikuwa akitazama saa. Saa nne u nusu. Uwanja ulihitaji saa tatu za kazi, na hiyo ni kama trekta lingekuwa uwanjani.

"Nachomoa hizo pini," akasema.

"Pini gani?" Kaingu akauliza. "Zile ulizoniambia nichomelee?"

Kyalo akakaa nyuma ya usukani wake kama mtu aliyepigwa kofi na marehemu.

Palibaki njia moja: kukata boksi. Kaingu akaleta grinda, lile jiwe la umeme la kukatia chuma, akavuta waya wa ekstensheni kutoka karakanani. Waya ukaishia hatua kumi na tano kutoka boksi. Akauvuta kana kwamba ungerefuka kwa aibu. Haukurefuka. Akageuka, na wote wawili wakajikuta wanatazama tundu la soketi lililokuwa ukutani, ndani ya dirisha la Bi Nasiha, ambako cherehani yake ilikuwa imechomekwa.

"Mwaitazama stima yangu," Bi Nasiha akasema bila kuinua macho kwenye kola.

"Bi Nasiha, tutakununulia tokeni ya umeme," Kaingu akasema.

"Sijasema tokeni. Wataka kukata wapi?"

Kaingu akaonyesha upande wa baraza. "Hapa. Nikiondoa futi moja na inchi tatu upande huu, linatoka. Upande wa ukutani sifiki."

Bi Nasiha akaweka kola pembeni. Akainuka, akavaa viatu, akazunguka nyuma ya trekta kadiri alivyoweza, akalitazama kwa kichwa kilichoinama, jinsi anavyomtazama kijana aliyeletwa kupimwa kanzu ya ndoa.

"Hili boksi li katikati?" akauliza, akigusa pale boksi lilipoungana na trekta.

"Ndiyo. Limefungwa katikati."

"Basi ukikata upande mmoja tu, utamvisha kanzu yenye bega moja. Huku imemzidi, huku tairi lipo nje. Atakwenda akiinama kama mtu aliyebeba ndoo. Si ndiyo?"

Miaka ishirini ya ufundi wa Kaingu ilikuwa imesimama pale, na mshona kanzu ameipiku kwa sentensi moja.

"Mama," Kyalo akaingilia, "haraka ndiyo inatubana. Mimi bandarini niliwahi kukata mnyororo wa meli nzima kwa msumeno wa mkono, usiku mmoja, mvua inanyesha..."

"Huko bandarini, ulipokuwa juu ya hiyo kreni, palikuwa na mtu chini wa kukwambia simama?"

"Mtu wa ishara? Lazima awepo. Usipomtii unafukuzwa kazi."

"Basi leo mtu wa ishara ni mimi, na soketi ni yangu. Patakatwa nitakapoweka chaki. Ukikubali, nitawasha stima. Ukikataa, kaa, nitakuagizia uji."

Kyalo alitaka kucheka akakuta amekubali. Mtu aliyeogopwa na mabaharia, kwa maelezo yake mwenyewe, alishuka kwenye trekta akashika ncha ya utepe wa kupimia kitambaa kama mwanafunzi wa ushonaji.

Bi Nasiha akavuta ncha ya pili. Akapima kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi. "Haya ndiyo mabega yake. Futi nne na inchi tatu. Boksi hili ni futi ngapi?"

"Sita," Kaingu akasema.

"Sita." Akalirudia neno taratibu, akamtazama Kyalo kuanzia kofia mpaka viatu. "Huyu mtoto mabega yake futi nne na kidogo, wewe umemkatia sita. Nani alikuwa aivae? Baba yake?"

Mzee mmoja aliyekuwa juu ya bonati akivuka alisahau kushuka, akakaa kusikiliza.

"Kanzu huachiwa nafasi ya kupumua," akaendelea, akikunja kidole kimoja kimoja. "Vidole vinne huku, vinne huku. Inchi tatu, inchi tatu. Ikizidi hapo inamwangusha mwenyewe. Basi futi nne na inchi tisa. Zimezidi inchi kumi na tano. Saba u nusu huku, saba u nusu kule." Akatoa chaki ya ushonaji, ile bapa ya buluu, akachora mstari juu ya chuma, ulionyooka kama umechapwa.

Kaingu alikuwa ametoa macho. Siku ile ya kwanza alisema futi nne na nusu, nne na kitu, akapuuzwa. Sasa mama ambaye hajawahi kugusa spana amefika palepale kwa vidole vyake. Akamgeukia Kyalo, na Kyalo akatazama ukuta.

Walikata. Bi Nasiha aliingiza mkono dirishani, akachomoa cherehani, akachomeka grinda, akaketi ncha ya mbali ya baraza na leso usoni kwa ajili ya cheche. Cheche ziliruka mpaka orofa ya pili, mtaa mzima ukanuka chuma. Kila inchi iliyokatika Kyalo aliisikia mbavuni mwake. Katikati ya kelele simu yake ikaita. Zilpah.

"Uko wapi?"

"Kwa fundi. Tunalinoa meno."

"Huo mlio wa nini?"

"Ndio meno yenyewe."

"Baba Beryl, nilitaka kukwambia mapema usije ukashtuka. Dancan ametoka Taveta tangu alfajiri. Anasema Ijumaa kuna msongamano, atafika leo jioni na lori."

Kyalo aliishika simu sikioni muda mrefu baada ya Zilpah kukata. Lori lilikuwa njiani. Hata uwanja haujaguswa, na lori liko njiani, na boksi limekatwa nusu kichochoroni, na yeye ana vumbi la chaki ya buluu mikononi. Aliona trekta lake likipandishwa kwenye lori pamoja na vinyesi vya mbuzi, likiondoka Ganjoni kinyumenyume, na Wekesa akilipungia mkono.

"Kata, Kaingu," akasema. "Kata baba."

Upande wa baraza ulipoanguka, trekta lilijitikisa lenyewe kama punda aliyevuliwa tandiko. Kyalo akatia rivasi, na safari hii akageuza shingo yote, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi karakanani huku Bi Nasiha akimpigia ishara kwa mkono: kushoto, kushoto, njoo, simama. Aliposema simama, alisimama. Karakanani Kaingu alikata upande wa pili kwenye mstari wa buluu, akang'oa jino moja kila pembe hivi kwamba meno sita yakabaki manne, akarudisha mbavu mbili mahali pake papya na kuzichomelea. Adhuhuri iliadhiniwa wangali wanachomelea. Ilipotimia saa nane, boksi lilikuwa futi nne na inchi tisa, lenye makovu mawili ya kuchomelea, fupi, pana mgongoni, na Kyalo alipolitazama alishtuka kuona limependeza.

Alipita kichochoroni mwendo wa konokono. Penye baraza palibaki inchi moja na nusu kila upande. Watu walibana pumzi, hata muuza maji. Bi Nasiha alikuwa amesimama kwenye mlango wake uliokuwa wazi sasa, kiganja juu.

"Njoo. Njoo. Pita."

Akapita. Akasimama upande wa pili, akashuka, akarudi kwa miguu mpaka barazani.

"Nimekuvunjia kona ya baraza, Bi Nasiha."

"Nimeiona."

"Jumatatu nitakuja na saruji, niipige mwenyewe."

"Wewe mwenyewe, si fundi. Na uje na futi ya kupimia, si hadithi ya bandarini. Haya nenda, bwana, una harusi."

Kyalo hakuwa amemwambia kuhusu harusi. Alitembea hadi kwenye trekta akijiuliza, mpaka akakumbuka kwamba Kaingu anajua, na kwamba katika Mji wa Kale jambo analolijua mtu mmoja linajulikana na kuta.

Uwanja wa kanisa Ganjoni aliufikia saa tisa kasoro dakika kumi. Wekesa alikuwa tayari amewekewa kiti chini ya ukuta, au alikuwa amekileta mwenyewe.

"Kyalo, hilo boksi mbona limenyolewa?"

Wekesa akasogeza kiti mbele. Kyalo aliteremsha boksi, meno yakauma udongo mwekundu uliokauka, akatia gia ya kwanza. Alikuwa amejitayarisha kusikia injini ikilia. Haikulia. Boksi lilikula kichuguu, likajaa hadi ukingoni, na trekta likalivuta bila kuyumba. Akageuka nyuma kutazama, na alichokiona kilimfanya asimamishe trekta, ashuke, apige goti moja chini kugusa kwa mkono. Nyuma yake hapakuwa na alama ya tairi hata moja. Lile boksi, kwa vidole vinne kila upande, lilikuwa limefuta nyayo zake lenyewe. Udongo ulikuwa umelala kama shuka.

Fikiria, alijiambia, akabaki pale magotini. Fikiria angelileta lile la futi sita uwanjani. Lingejaa udongo kwenye kichuguu cha kwanza, tairi zikachimba mashimo mapya juu ya yale ya mvua, na Wekesa ndiye angekuwa shahidi. Kutiwa kabari kwenye kichochoro ndiko kulikomwokoa. Wazo hilo lilimchukiza kidogo.

Akarudi juu. Akaenda urefu wa uwanja, akageuka, akarudi; akaupasua kwa upana; akajaza mashimo ya upande wa msalani, akashusha kile kilima kilichokuwa kikiangusha watoto wa sandeskuli. Kwenye mzunguko wa tisa Wekesa alihamisha kiti chake mwenyewe ili boksi lipite.

Zilpah alifika saa kumi na mbili kasorobo, jua likiwa bado juu ya mapaa ya Mbaraki. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani na, miguuni, vile viatu vya dhahabu vyenye visigino virefu kama misumari. Akaanza kutembea kutoka langoni. Kyalo alizima injini. Alimwangalia mkewe akivuka uwanja ule, kisigino kimoja mbele ya kingine, naye akihesabu kila hatua. Zilpah alifika ukuta wa mbali. Akageuka, akatembea kwa mshazari, akapita palepale palipokuwa na shimo lililommeza mzee wa kanisa hadi magotini mwezi wa tano. Hakuyumba. Akasimama katikati, akazunguka pale aliposimama kama msichana, mara moja tu, akashtukia Wekesa anamtazama, akaacha.

Alikuja mpaka kwenye trekta. Akayatazama yale makovu ya kuchomelea.

"Lilikuwa refu zaidi hili."

"Lilikuwa."

"Nani amelipunguza?"

Ulimini pa Kyalo palikuwa na hadithi nzuri sana, yenye hesabu na vipimo vya Kijapani. Akaitazama, akaimeza. "Mshona kanzu mmoja wa Mji wa Kale. Nilikwama mlangoni kwake. Nusura nimvunje mguu."

Zilpah alimtazama mumewe kwa mshangao ambao hakuwa nao hata siku alipoliona trekta chini ya ghorofa. Miaka thelathini na nne ya ndoa, na hapakuwa na meli ndani ya jibu hilo, wala dhoruba, wala kikombe cha chai. Akafungua mkoba, akatoa simu.

"Dancan, umefika wapi? Mariakani?" Akasikiliza. "Hapana, mbuzi walete. Trekta linabaki. Nimesema linabaki, usinipigie kelele, ndugu yangu. Eh? Lori litarudi tupu?" Akaugeukia uwanja, akaupima kwa macho kutoka ukuta hadi ukuta, akasimamisha macho penye mlango wa kanisa ambako udongo ulikuwa laini kidogo. "Basi pitia machimboni hapo Mariakani, lijaze kokoto. Washushe mbuzi wote wakae na wewe mbele."

Akafunga simu, akavua viatu vya dhahabu, akavishika mkononi.

"Washa," akamwambia Kyalo. "Kokoto zinafika saa moja, na mimi nataka zitandazwe kabla sijalala."